Kauntabuku tatu za mweka hazina: timu yetu ya mtaa hapa Moshi ilivyoishi na ilivyokufa

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu taratibu. Nimeukalia tangu tumalize matanga ya baba mdogo, na nikizidi kuukalia mchwa watanitangulia.

Baba mdogo alikuwa mweka hazina wa timu ya mtaa wetu hapa Moshi, upande ule wa Njoro unaoelekea reli. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kiwanda cha magunia, lakini ukiuliza mtaani marehemu alikuwa anafanya nini utajibiwa "alikuwa anashika hela za timu". Tulipofungua tranka lake la bati tulikuwa tunatafuta hati ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Tukakuta shati la kazini, filimbi iliyopotelewa na punje yake ya ndani, na kauntabuku tatu zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Ndugu zangu wakaendelea kutafuta hati. Mimi nikaondoka na kauntabuku.

Jina la timu sitalitaja, na anayelijua namwomba asilitaje. Tulikuwa na majina matatu. La kwanza lilikuwa la timu ya Uingereza, mtindo wa wakati ule. Hata Simba si alikuwa Sunderland mpaka 1971? Upepo wa kuacha majina ya kizungu ulipovuma na sisi tukabadili. La tatu lilikuja na mfadhili, nitafika huko. Kuna wazee wawili wako hai, mmoja wa jina la pili na mwenzake wa jina la tatu, wakikutana msibani kila mmoja anatafuta turubai lake.

Halafu tuelewane mapema. Anayetaka mabao hapa hatayapata. Marehemu hakuandika mabao. Hakuandika nani alifunga, na mara nyingi hata matokeo hakuandika. Aliandika kilichoingia na kilichotoka. Nawawekea ukurasa mmoja kama ulivyo, bei nimeziacha maana shilingi ya wakati ule nikiiweka hapa vijana watadhani natania:

"Bleda 1. Uzi na sindano, fundi viatu. Machungwa. Mihogo ya kuchemsha. Mafuta ya taa, kikao. Karatasi na stempu, barua ya rufaa. Chai ya refa. Faini (kipa)."

Kipa alifanya nini mpaka akatozwa faini, daftari halisemi.

Nala ugali kwanza, narudi.

#2 Mchangiaji wa Kiusa

Siti ya mbele nimeshaikalia, mkuu. Rudi na kipa.

#3 Mchangiaji wa Dar

Kwa hiyo historia ya timu ni risiti? Hii mpya.

#4 Mleta uzi

Nimerudi.

Ndiyo, ni risiti. Na nimesoma risiti hizo mara tatu, nikaona kitu ambacho wazee wetu kijiweni hawakisemi. Wao watakwambia timu ilikufa kwa kukosa hela. Daftari linasema kinyume. Timu iliishi miaka yote haina hela, ikafa hela zilipokuja. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwanzo wenyewe ni wa kusimuliwa, haumo kwenye daftari. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha ikasubiri mpaka 1929, watani wetu wa kule msinune. Penye reli pana makarani, makuli, mafundi, na kila Jumamosi mchana pana vijana wasio na la kufanya. Juu yake ukaja ushirika wa kahawa, KNCU, mwaka 1933, kikawepo kiwanda cha kukoboa kahawa, baadaye viberiti, magunia. Wazee wanasema timu ilianzia kwa watoto wa reli waliokuwa wanacheza chandimu kandokando ya tuta, halafu kaka zao wenye mishahara wakaja kuwanyang'anya kiwanja. Naliamini hili. Kiwanja kilikuwa karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita refa anasimamisha mchezo, maana mpira ukiangukia behewa la wazi ndiyo umeshaenda Tanga.

Maandishi yanaanza baada ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya 1967, ile iliyotaka kila klabu iwe na katiba na iandikishwe. Ukurasa wa kwanza wa kauntabuku ya kwanza una mambo mawili tu: "Daftari hili" na "Mwalimu, kuandika katiba, wino". Yaani gharama ya kwanza ya daftari ni daftari lenyewe. Mzee alikuwa hivyo.

Baada ya hapo kurasa na kurasa za majina yenye alama ya vema. Hapo ndipo nilipokaa sana. Ni wachangiaji wa kila mwezi. Majina nayaficha, kazi zao ndizo hizi: fundi cherehani, kondakta, mlinzi, mama wa vitumbua, karani wa reli, muuza mkaa, mwalimu yule wa katiba, watu wa kiwandani mstari mzima. Na chini yao, sikilizeni vizuri, wachezaji. Mchezaji alikuwa analipa ada ili acheze. Asipolipa miezi miwili anaandikwa "benchi". Kuna kijana mmoja amewekwa benchi mara nne ndani ya kauntabuku moja, na kila mara mstari unaofuata unasema "amelipiwa na mama wa vitumbua". Alikuwa na mguu, bila shaka.

#5 Mchangiaji wa Kiusa

Aisee. Leo umwambie kijana alipe ndiyo acheze, atakuita mwizi.

#6 Mchangiaji mkongwe

Kijana, nimecheza timu hiyo. Beki tatu. Ada nililipa na risiti nilipewa. Endelea, nitakusahihisha ukikosea.

#7 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Nimefurahi na nimeogopa kwa pamoja.

Naendelea. Miaka ya mpira mmoja.

Agosti 1979 kuna mstari: "Betri za redio, 4." Sikuuelewa. Nikahesabu tarehe, ndipo nikaelewa. Ni wiki ya Taifa Stars na Zambia kule Ndola, Peter Tino anasawazisha, moja moja, tunafuzu fainali za Afrika kwa sababu hapa nyumbani tulikuwa tumeshawafunga moja bila. Timu nzima ilisikilizia redio ya klabu. Machi 1980 Stars wako Lagos, kuna betri tena. Kwa hiyo klabu ilikuwa na redio. Redio hiyo ilikwenda wapi, sijaiona kwenye tranka, na nina majina matatu ya watuhumiwa kichwani.

Baada ya hapo nchi ilikauka. Vita vya Kagera vimeisha, dukani hakuna kitu, kila kitu foleni. Daftari linaonyesha njaa ile kuliko hotuba yoyote. Kwa karibu kauntabuku nzima hakuna mstari wa kununua mpira. Kuna "kushona mpira", "kushona mpira", "bleda kuziba", "kushona mpira", "mafuta ya ng'ombe, mpira". Mpira ule ulishonwa mpaka nina shaka kama kipande cha ngozi ya awali kilibaki. Fundi viatu aliyekuwa anaushona alipandishwa cheo: mwanzoni anaitwa "fundi", mbele anaitwa "fundi wetu", mwishoni yumo kwenye orodha ya kamati.

Sabuni nayo. "Sabuni kipande, jezi." Kisha sabuni inatoweka, inakuja "majivu, jezi". Mama aliyekuwa anafua hakuwa analipwa hela. Analipwa "sukari robo". Hii inanichekesha na kuniuma. TPC na mashamba yake ya miwa iko hapo chini tu, mwendo wa baiskeli kutoka mjini, halafu robo ya sukari ni mshahara.

Na ndani ya miaka hiyo ya majivu hakuna msimu timu haikuingiza jina ligi ya wilaya. Hakuna. Nimehesabu ada za ushiriki moja moja.

#8 Mchangiaji wa Dar

Kamati ya ufundi vipi mkuu, haimo? Usituambie timu ya mtaa bila kamati ya ufundi.

#9 Mleta uzi

Imo. Nilitaka kuipita kimya.

Mstari unasomeka "Ufundi". Basi. Hauna maelezo, na ndiyo mstari pekee usio na risiti kwa miaka yote ya mzee, mtu aliyetunza risiti ya karanga. Unaonekana siku mbili kabla ya mechi na timu fulani ya upande wa Majengo, na hauonekani kwa timu nyingine yoyote. Mara moja umeandikwa "Ufundi, nauli kwenda na kurudi". Mara moja "Ufundi, kuku". Na mara moja, kwa wino mwekundu, "Ufundi, hela irudishwe". Hakuna mstari unaoonyesha kwamba ilirudi.

#10 Mchangiaji wa Majengo

Hahaha! Hela irudishwe! Na sisi huku tulikuwa tunamlipa huyohuyo mtu.

#11 Mchangiaji mkongwe

Hapo mnapotosha vijana. Ufundi ulikuwa ni wa kocha kwenda kuangalia wapinzani wakifanya mazoezi.

#12 Mchangiaji wa Majengo

Na kuku?

#13 Mchangiaji mkongwe

Kuku alikuwa wa kocha.

#14 Mchangiaji wa Arusha

Nimecheka mpaka nimeamsha watoto. Naomba niongeze kutoka huku Arusha, maana tuliugua ugonjwa huohuo ila dalili zilikuwa tofauti kidogo.

Mtaani kwetu timu za raia zilikuwa nyingi na zilikuwa nzuri. Lakini angalia zilizofika juu na kukaa kipindi. AFC ilibeba jina la mji mzima, ikayumba. JKT Oljoro ilipanda Ligi Kuu 2011 ikashuka 2014, nayo ya jeshi. Kwenu Moshi, Polisi Tanzania walipanda 2019 na kushuka 2023, wakitumia uwanja wa Ushirika. Panone mliipigia makelele daraja la kwanza, iko wapi? Timu yenye mwajiri nyuma yake ndiyo inayomudu basi la kwenda Mbeya. Timu ya mama wa vitumbua haimudu basi hilo, hata vitumbua vikiwa vitamu namna gani.

Jingine dogo. Kila Jumapili watu wanaingia Sheikh Amri Abeid na hawajui aliyepewa jina ni nani. Alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, baadaye waziri, na kabla ya hayo alikuwa mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Uwanja wa mpira una jina la mtu wa vina na mizani. Mimi hilo hunifurahisha kila nikipita.

#15 Mchangiaji wa Dar

Basi la Mbeya, sawa, ila Tukuyu Stars? Mji mdogo ule, milimani, wakachukua ubingwa wa Tanzania 1986. Usituambie haiwezekani.

#16 Mchangiaji wa Arusha

Sikusema haiwezekani. Nimesema kukaa. Tukuyu Stars iko wapi sasa?

#17 Mleta uzi

Mmenitajia 1986, na hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Mwaka huohuo sisi tulikaribia. Ligi ya mkoa, mechi ya mwisho, tunahitaji ushindi ili tuendelee na mchujo wa kupanda. Enzi hizo ushindi ni pointi 2, sare 1, na sare haikututosha. Kiwanja kimejaa mpaka juu ya tuta la reli. Nilikuwepo, mtoto, nimepandishwa juu ya mabega. Dakika za lala salama, bila bila, tunapewa penalti.

Ikapaa. Mpira ulivuka reli.

Sikumwona mpigaji, nilikuwa nimefunikwa na kofia ya mtu. Miaka yote kijiweni ubishi ni nani aliyepiga. Kuna wanaosema nahodha. Kuna wanaosema ni winga aliyekuja baadaye kuwa dereva wa malori. Kuna wanaosema ni mamluki kutoka Same aliyekodiwa kwa mechi moja.

Nilipopata kauntabuku nikakimbilia tarehe hiyo. Machungwa. Maji, madumu. Nauli ya waamuzi. Chokaa. Kiingilio kilichokusanywa, kingi kuliko siku zote. Na mwisho kabisa, mwandiko wa kubana pembeni kana kwamba hakutaka kamati ione: "Soda 1, kijana."

Wakuu, katika kauntabuku zote tatu hakuna soda nyingine. Wachezaji walikuwa wanakula mihogo na machungwa. Hata siku walipotwaa kombe la mbuzi walikula mbuzi wakanywa maji. Soda ni hiyo moja.

#18 Mchangiaji wa Kiusa

Mae! Soda ya aliyekosa.

#19 Mchangiaji mkongwe

Alikuwa nahodha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kwa hatua sita. Alitaka kuweka juu kulia.

#20 Mchangiaji wa Majengo

Mzee, nahodha wenu alitoka nje dakika ya sitini, goti. Mimi ndiye niliyemgonga. Naomba radhi kwa kuchelewa.

#21 Mchangiaji mkongwe

Basi alikuwa winga.

#22 Mleta uzi

Nawaacha mkosane kidogo, mimi nimalizie.

Kauntabuku ya tatu. Miaka ya 1990. Vyama vingi vimerudi 1992, uchaguzi wa 1995 unakuja. Akatokea mheshimiwa mtarajiwa. Mwandiko wa mzee unabadilika, unakuwa mkubwa, wa furaha: "Imepokelewa: jezi seti 2. Mipira 4. Nyavu." Mipira minne! Timu hii haikuwahi kuwa na mipira miwili kwa wakati mmoja. Likaja kanta la kubebea wachezaji. Likaja jina la tatu. Na ukatokea mstari ambao haukuwahi kuwepo tangu daftari linunuliwe: "Posho, wachezaji."

Ukifunua kurasa za wachangiaji za kipindi hicho, alama za vema zinakufa. Mama wa vitumbua mwezi mmoja, miwili, hayupo. Fundi cherehani hayupo. Nani atoe chake wakati kuna mtu wa kutoa? Kisha wachezaji hawalipi ada tena, wanalipwa. Msimu mmoja na nusu timu ilipendeza kuliko timu yoyote ya mtaa niliyowahi kuona.

Mheshimiwa alishindwa uchaguzi. Kanta likaondoka na nyavu ndani yake.

Mzee hakuandika neno la lawama. Aliandika hivi, wiki nne mfululizo: "Mafuta ya taa, kikao. Akidi haikutimia. Mafuta yamerudi kwenye chupa." Baada ya hapo kurasa tupu.

Ndiyo maana nasema timu iliuawa na hela.

#23 Mchangiaji aliyepunguzwa kazini

Mleta uzi, nimekusoma kuanzia juu na nakupa heko. Lakini hapo mwisho umemwonea mtu wa watu.

Mimi nilikuwa kwenye ule mstari mzima wa watu wa kiwandani. Serikali ilipounda tume ya kurekebisha mashirika ya umma, sisi tulianza kuhesabiana siku. Redandansi haikusubiri uchaguzi. Unapewa bahasha, unarudi kijijini Rombo kupalilia migomba. Utachangia timu ya Njoro ukiwa Rombo? Hebu rudi kwenye kauntabuku yako uangalie vema za watu wa kiwandani zilianza kukosekana lini. Usiangalie za mama wa vitumbua.

#24 Mchangiaji wa Dar

Na runinga je? ITV imeanza 1994. Muda si mrefu vibanda umiza kila kona, Jumamosi jioni kijana anamwangalia Mwingereza. Kiingilio cha kiwanjani kikahamia kibandani.

#25 Mchangiaji kipa

Mimi nilikuwa golini miaka hiyo ya kanta. Jezi zilikuwa nzuri kweli, sibishi. Kitu kilichotumaliza mimi nitakwambia ni sheria ya kipa kutodaka pasi ya beki. FIFA waliileta 1992, sisi mchangani hatukuambiwa. Tunakwenda ligi ya mkoa, beki ananirudishia, nadaka kama siku zote, refa anapuliza. Mpira wa adhabu ndani ya boksi! Tulimzingira refa tukamwambia sheria hiyo ameitunga asubuhi. Tukafungwa, nikafungiwa mechi tatu.

#26 Mchangiaji wa Kiusa

Na ile faini ya kipa ya kule namba 1 ilikuwa yako?

#27 Mchangiaji kipa

Hapana, ile ni ya kipa wa zamani. Ila najua alifanya nini na siwezi kuandika hapa.

#28 Mchangiaji kijana wa Pasua

Samahani wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni wa juzi, sina la kukumbuka. Ila mnabishana hela, kiwanda, runinga, na hakuna aliyetaja kiwanja. Leo hata mkipewa mipira arobaini mtaipigia wapi?

Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, nilipanda kwa ushamba wangu tu nione. Babu alikuwa ameniambia ukipita pale angalia kushoto, ndipo tulipokuwa tunacheza. Nikaangalia. Mabati na kuta. Kuna nyumba ina geti jekundu, nadhani ndiyo iko golini.

Hapo mwanzo paliandikwa eneo la wazi, kisha ofisi fulani ikapima, vikawa viwanja vya kujenga. Tofauti ni neno moja, uwanja na kiwanja, na lilipogeuzwa hakuna aliyeitisha kikao. Arusha wanajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa Afcon ya 2027, na mimi nafurahi, nitakwenda. Sisi Pasua tunacheza nusu kiwanja, kona tunapigia barabarani, bodaboda akipita tunasubiri kama nyie mlivyosubiri treni.

#29 Mleta uzi

Mdogo wangu, marahaba. Umenikalisha.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilirudi kwenye kauntabuku kama nilivyoagizwa kwenye namba 23. Nimekaa nayo juzi usiku na jana. Mkuu, uko sahihi, na mimi nilisoma nilichotaka kusoma.

Vema za watu wa kiwandani zinaanza kukosekana kabla ya mheshimiwa kutokea. Si zote kwa mpigo. Mmoja, kisha wawili, kisha nusu mstari. Na kuna kitu nilikipita mara tatu nzima: pale jina linapokoma, mzee ameandika kwa penseli, kwa wepesi mno, "Rombo", "Marangu", "Kibosho", "Uru". Nilidhani ni mahali tulipocheza mechi. Ni mahali walipokwenda. Na jina lake mwenyewe, baba mdogo, limekoma mwezi mmoja hivi kabla ya ule mstari wa jezi seti mbili. Pembeni pake hakuandika mahali. Alibaki mjini, akaendelea kushika hela za timu akiwa yeye mwenyewe hana.

Kwa hiyo mheshimiwa aliikuta timu inapumulia juu juu. Sijui niseme aliiua au aliipa msimu na nusu ambao haukuwa wake. Lakini posho siisamehi. Mchezaji aliyezoea kulipa ukimlipa, kumrudisha alikotoka ni kazi.

#30 Mchangiaji aliyepunguzwa kazini

Tumeelewana. Mimi ndiye "Kibosho" mmojawapo. Sikujua aliandika.

#31 Mchangiaji wa Arusha

Mkuu, hizo kauntabuku zipige picha zote leo, kabla hujalala. Kisha zitoe kwenye tranka. Bati linapata unyevu masika.

#32 Mleta uzi

Nimeshapiga. Kurasa mbili tu zimeliwa, na ajabu ni zile za deni la fundi viatu. Tunadaiwa kushona mipira mara tisa, salio halisomeki. Fundi ametangulia mbele za haki. Mwanawe ana kibanda karibu na soko la Mbuyuni, nimemfuata, nikamweleza. Akacheka, akasema deni la mpira hulipwa kwa mpira. Nimempelekea mmoja, ana watoto wawili wa kiume na binti mmoja ambaye ndiye aliyeupokea kwa kifua.

#33 Mchangiaji wa Majengo

Na penalti? Mzee wa beki tatu amekimbia?

#34 Mchangiaji mkongwe

Sijakimbia, nilikuwa kliniki ya macho KCMC. Nimefikiri. Winga hakuwa, winga alikuwa ameshikwa na misuli. Mamluki wa Same aliondoka mapumziko baada ya kupewa chake. Nadhani alikuwa mtoto mmoja aliyeingia badala ya nahodha. Mdogo, hata ndevu hana, ndiye yule aliyekuwa analipiwa ada na mama wa vitumbua. Wakubwa wote waligeuka nyuma, hakuna aliyetaka mpira ule, yeye akauokota. Baada ya siku ile sikumwona tena mazoezini. Jina lake limenitoka.

#35 Mleta uzi

Mzee, asante. Kwenye orodha ya ada jina lake limekatwa kwa mstari mmoja wiki iliyofuata. Bado linasomeka ila sitaliandika hapa.

#36 Mgeni, ujumbe wa kwanza

Habari zenu. Nimejiunga leo, mwanangu ndiye amenionyesha uzi huu. Niko Kahama.

Ilikuwa Fanta. Ya moto, jokofu la duka lilikuwa limeharibika. Alinikalisha juu ya tuta mpaka nikaimaliza, kisha akaichukua chupa kuirudisha dukani.